Nusu Inchi Nje ya Mstari

Naapa kwa meno yangu yaliyobaki, ambayo ni mengi kuliko majirani wanavyodai, kwamba kila neno humu ni kweli tupu. Mimi siongezi chumvi, daktari alishanikataza. Na nikipatikana nimedanganya hata mara moja, nipewe adhabu ya nyumba hii nitakayoieleza, na wanaoijua wanajua kwamba si ya mchezo.

Nyumba yenyewe ina chumba cha mbele chenye cherehani mbili, kioo kirefu kilichopasuka pembeni, na meza ya kukatia pana kiasi kwamba siku moja iliwahi kulaza wageni wanne na mmoja wao alikuwa mnene. Mwenye chumba hicho wanamwita Fundi. Ameshona sare za shule za mtaa mzima kwa miaka ishirini na sita, na utepe wa kupimia hautoki shingoni mwake hata akienda kuoga, au ndivyo ninavyosikia.

Fundi alirudi masomoni akiwa na miaka hamsini. Si darasa la jioni; chuo kikuu hasa, chenye ngazi na lifti, na wanafunzi waliozaliwa yeye akiwa ameshaanza kuvaa miwani. Barua ya kumwita chuoni ilikuwa imemfikia zamani, akiwa na miaka kumi na tisa, wiki ileile aliyogundua kuwa ana mimba ya kwanza. Akaikunja, akaitia kwenye droo ya cherehani, akasema, "Nitakwenda mwakani." Mwakani huyo alichukua miaka thelathini na mmoja kufika. Barua ilipotolewa drooni ilikuwa imelowa mafuta ya mashine mpaka unaweza kuona upande wa pili.

Siku ya kwanza aliingia darasani na mkoba wake mkubwa, miwani puani, na darasa zima likasimama. Hakutaka kuwaaibisha watoto wa watu. Akawaambia wakae, akawaambia wafungue madaftari, na walikuwa wameshaandika tarehe na kichwa cha somo mhadhiri wa kweli alipoingia, akaona aibu kwa kuchelewa, akaenda kukaa nyuma.

Somo alilochagua ni takwimu.

"Takwimu ndiyo nini?" aliuliza mama mkwe wake, ambaye anaishi nao na kiti chake kiko mlangoni ili asipitwe na kitu.

"Kuhesabu vitu, mama, halafu kuona vinasema nini."

"Basi nihesabie siku zilizonibakia, halafu unishonee nguo ya kutosha siku hizo. Isizidi, isipungue."

Ndiyo kusema nyumba ilikuwa imejaa. Mama mkwe alihitaji dawa ya macho mara tatu kwa siku, na hakubali kutiwa na mtu mwingine ila Fundi. Kitinda Mimba, binti wa mwisho, alikuwa mwaka wa pili katika chuo hichohicho, na alimwomba mama yake, kwa adabu zote, wasisalimiane karibu na kantini. Muhula mmoja baadaye alikuwa anaazima madaftari ya mama huyohuyo. Halafu alikuwapo mume, dereva wa lori aliyestaafu, mtu mzuri wa sura na wa tabia, mkimya anapotakiwa kunyamaza. Wanamwita Redio kwa sababu ya maarifa yake mengi, ingawa wapo wanaotoa sababu nyingine.

Ili apate saa za kusoma, Fundi alimfundisha Redio kukata. Redio ni wa mkono wa kushoto, kwa hiyo alinunuliwa mkasi wa mkono wa kushoto, ukatundikwa kwenye msumari wake karibu na dirisha, mbali na mikasi mingine inayokaa kwenye droo. Mtu mwingine akijaribu kuutumia hautakata. Utatafuna kitambaa kama mbuzi. Na alifundishwa sheria mbili. Ya kwanza: usikate juu ya mstari. Kata nusu inchi nje yake, mshono nao unahitaji mahali pa kupita. Ya pili ndiyo ile adhabu: anayeharibu kazi anashona vifungo vya oda nzima, kwa mkono, peke yake.

Basi Fundi akasoma. Alisoma akisubiri pasi ipate moto, alisoma akisubiri dawa iingie jichoni mwa mama mkwe. Vitabu vya hesabu vilikuwa na uzi mwekundu mahali alipoelewa na uzi mweusi mahali alipokwama, na mwaka wa kwanza ungedhani ni vitabu vya msiba. Mwaka wa pili wekundu ukaanza kushinda.

Lakini aliahirisha mara mbili. Mara ya kwanza mama mkwe alianguka akavunjika nyonga, na Fundi akakaa naye hospitali muhula mzima. Mara ya pili Kitinda Mimba alipasuliwa kidole tumbo. Chuo kilielewa, mara zote mbili, na kikamwandikia barua nzuri yenye mstari mmoja mbaya: mwanafunzi akishindwa kufika mara ya tatu anafutwa jina. Fundi aliibandika barua hiyo ukutani juu ya cherehani, pale ambapo mafundi wengine huweka kalenda.

Mwaka wa mwisho alitakiwa kuandika tasnifu. Wenzake walizunguka mji wakitafuta takwimu za kuhesabu. Fundi alivuta sanduku chini ya kitanda. Ndani kulikuwa na madaftari arobaini na moja, vipimo vya kila mtoto aliyewahi kusimama mbele ya kioo kile kilichopasuka: umri, bega, kiuno, urefu wa mguu. Akawachukua wa miaka minane tu, mwaka baada ya mwaka, akatafuta wastani wa urefu wa miguu yao.

Msimamizi wake, kijana aliyeitwa Dokta, alipoona madaftari yale alikaa chini. Fundi alikuwa amemtambua Dokta tangu siku ya kwanza, kwa masikio, lakini alinyamaza kwa heshima.

"Mama," Dokta alisema, "hii hakuna mtu mwingine anayo. Ila jopo litakuuliza kila nukta imetoka wapi. Uwe na jibu."

Kwa hiyo Fundi akachora grafu yake, na aliichora kwa namna anayojua yeye. Kitinda Mimba alimwambia kompyuta ingeimaliza kwa dakika mbili. "Kompyuta haijawahi kushika mguu wa mtoto," akajibiwa. Alitandaza karatasi ya kaki, ileile anayochorea nguo, akatia nukta ishirini na sita, akaziunganisha kwa rula yake iliyopinda, ile ya kuchorea makwapa. Chini kabisa, kwenye ukanda wa upana wa vidole vitatu, akaandika kwa herufi ndogo kama chawa: kila mwaka, ni daftari gani, ukurasa gani, watoto wangapi. Ukanda huo peke yake ulimla miezi minne.

Mstari ulipanda polepole miaka kumi na tano. Ukafika juu, ukazunguka, ukashuka. Ulianza kushuka mwaka uliofuata baada ya kiwanda cha mtaani kufungwa. Fundi aliutazama mstari ule akakumbuka jambo ambalo mikono yake ilikuwa inalijua siku zote: miaka ile wazazi walikuwa wanamwambia, "Fundi, acha pindo refu, suruali hii avae miaka mitatu." Aliacha mapindo marefu, na watoto walirudi baada ya miaka mitatu na pindo bado halijafunguliwa.

Mlima ule, sasa, kwa mtu asiyejua takwimu, ulifanana kwa kila hali na kichwa cha mkono wa koti, pale unaposhonewa begani. Karatasi ya kaki ileile, rula ileile, kalamu ileile. Na mezani wiki hiyo kulikuwa na oda ya makoti arobaini ya bendi ya shule, kila koti vifungo vinane, yanatakiwa Jumamosi. Jopo lilikuwa Ijumaa saa tatu asubuhi.

Jumatano Fundi alikwenda chuoni kuonana na Dokta. Redio, mume yule mwema, alikwenda kufuata dawa ya macho ya mama yake. Foleni ilikuwa ndefu na alitoa nafasi yake kwa wazee wawili na mjamzito mmoja. Nyumbani alipita kusalimia kaka yake Fundi, karani wa posta mstaafu, mtu wa kupenda kusaidia asipoombwa. Akaona kitambaa cha makoti kimetandazwa. Akaona karatasi ya kaki. Akasema moyoni, hebu nimpunguzie dada kazi. Akachukua mkasi uliokuwa msumarini karibu na dirisha, akakata vizuri, karatasi na kitambaa pamoja, kwa mkono uliotulia, nusu inchi nje ya mstari kama inavyotakiwa, akatoa mikono miwili ya koti moja, akafagia masalio, akapanda basi la jioni akaenda zake. Ndivyo ilivyotokea.

Alhamisi asubuhi Fundi aliingia chumba cha mbele na kikombe cha chai. Alikitua kikombe. Alichukua kile kipande cha karatasi, akakigeuza, akakigeuza tena.

"Baba watoto."

"Naam, mama watoto." Redio alikuja haraka, maana sauti ilikuwa ya chini, na anajua sauti yake ya chini ni mbaya kuliko ya juu.

"Nani amekata grafu yangu?"

"Imekatwa?" akasema Redio, akashangaa sana, mshangao wa mtu safi. "Jana alipita shemeji hapa. Nilimkuta anatoka. Nilimwona na kama furaha fulani usoni."

Shemeji alipigiwa simu, akakana katakata, akakata na simu. Lakini ni nani anamwamini mtu mwenye hatia?

Fundi hakulia. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, akatazama barua ya ukutani. Kitinda Mimba alitoka chumbani na mswaki mdomoni, akaona, akauacha mswaki humohumo.

"Mama, tumpigie Dokta. Waombe wakusogezee siku."

"Wakisogeza ni mara ya tatu."

"Basi tuchore upya!"

"Mstari upo," alisema Fundi taratibu, akipitisha kidole. "Tazama. Aliyekata ameacha nusu inchi pande zote. Mlima wangu haujaguswa hata nukta moja." Ikawa kama anamsifu mhalifu. "Kilichoondoka ni ukanda wa chini. Na bila ukanda ule huu ni mlima tu. Watasema nimeuota. Kurudia madaftari arobaini na moja kwa siku moja hata malaika hawezi."

Walitafuta kwenye pipa. Walitafuta chini ya meza, nyuma ya kioo, ndani ya ndoo ya mabaki. Mama mkwe aliwatazama wakipita mbele yake, wakirudi, wakipita tena.

"Mmepoteza pete?"

"Karatasi, mama. Ya kaki, nyembamba, imeandikwa."

"Aa. Hiyo naikalia."

Kila Jumatano mama mkwe huchukua masalio ya mezani, huyakatakata yawe laini, huyashindilia kwenye mto wa kiti chake. Tangu avunjike nyonga, bibi yule hasimami kabla ya chakula cha mchana. Daktari ameshindwa. Mchungaji wa mtaa ameshindwa. Wakati fulani kiti kiliwahi kushika moto mguu mmoja na akaagiza kizimwe akiwa juu yake.

"Mama," alianza Fundi, "najua nyonga..."

"Nyamaza, mwanangu. Nilipolazwa uliacha masomo yako ukaja kunigeuza kitandani kama mkate. Siku zile nilikuwa nasubiri uninung'unikie, angalau nipate la kusema. Hukunipa hata moja." Akashika mkongojo. "Haya, nishikeni. Mto wenu huo. Ila nataka uwe umerudi umejaa kabla ya chai ya saa kumi."

Akasimama. Saa nne asubuhi! Majirani wawili walikuja kushuhudia.

Vipande vilikuwa kumi na saba, vimekunjamana kama majani ya chai. Kitinda Mimba alivinyoosha kwa pasi kimoja kimoja na kuvipanga kwa miaka. Mama mkwe, ambaye alikuwa ameletewa kiti kingine na hakukipenda, aliongoza kazi kwa kunyoosha mkongojo: "Kile kinakwenda kule. Nilikikata mimi, nakijua." Fundi alitandaza chini yake kile kitambaa kigumu cha kutilia kola, akapitisha mashine, mshono mdogo mdogo, uzi mwekundu. Redio alichemsha chai, na kwa kweli siku hiyo alichemsha chai nyingi kuliko mtu asiye na kosa anavyochemsha, jambo ambalo hakuna aliyeliona. Chakula cha jioni kilipoiva grafu ilikuwa imekamilika, na ilikuwa nzito kama zulia la mlangoni.

Ijumaa saa tatu waliitundika ubaoni. Jopo lilikuwa la watu watatu, na mwenyekiti alikuwa profesa mrefu mwenye koti jeusi, aliyeisogelea grafu mpaka pua ikagusa uzi.

"Imeshonwa," alisema.

"Ndiyo, profesa. Ilipata ajali nyumbani."

"Umesema vipimo hivi ni vya chumba chako cha kushonea. Hukuwa mtafiti wakati ule. Tutaaminije kwamba si vya kukumbuka tu?"

"Chagua nukta yoyote, profesa."

Profesa alifumba macho, au alijifanya, akatua kidole. Mwaka wa tatu. Fundi akasoma kwenye ukanda, kipande cha nne, kilichokuwa na mkunjo ambao pasi ilishindwa: daftari la tano, ukurasa wa sitini na mbili. Kitinda Mimba, aliyeomba mwenyewe kubeba madaftari na kuketi mstari wa mbele ambapo chuo kizima kingemwona, akalitoa sandukuni. Profesa akafungua. Akasoma kwa sauti.

"Mvulana, miaka minane. Mguu inchi ishirini na mbili na robo. Kiuno ishirini na moja. Hatulii, anacheka akiguswa mbavu. Masikio..." Hapo profesa akasita, akainua macho polepole, akamtazama Dokta aliyekaa pembeni. Chini ya vipimo lilikuwa jina la Dokta, ubini na yote.

Dokta akaona haya mpaka kwenye hayo masikio. "Ni kweli," alisema. "Alinichoma na pini nikalia. Halafu akanipa kifungo cha shaba nikanyamaza. Ninacho mpaka leo."

Wanasema profesa alicheka hadi kifungo cha koti lake kikaruka, na Fundi akakishona palepale huku akijibu maswali ya wastani na mkengeuko. Hilo la kifungo silisisitizi sana. Ila alipita, na alipita vizuri, na walimuuliza mengi zaidi kuhusu mapindo marefu kuliko kuhusu kitu kingine chochote. Mwisho profesa alisimama kumpa mkono. Wanafunzi nao wakasimama. Safari hii hakuwaambia wakae.

Lile koti la mikono iliyokatwa kwa grafu lilitoshea mtu mmoja tu, mpiga ngoma kubwa, na mpaka sasa mikono yake haishuki vizuri. Akisinzia kituoni mabasi husimama.

Hadithi ilikuwa iishie hapo. Nilimpa Kitinda Mimba aichape, yeye akampa mama yake aipitie. Imepita miaka mitano sasa, grafu iko kwenye fremu juu ya cherehani, mahali ilipokuwa ile barua. Leo asubuhi Fundi alisoma akiwa amesimama, utepe shingoni. Alicheka pale pa kulaza wageni. Alicheka pale pa mbuzi. Halafu akaacha kucheka.

"Redio."

"Naam, mama watoto."

"Mkasi wa karibu na dirisha ni wa nani?"

Nikatazama dirisha.

"Kaka yangu anatumia mkono wa kulia. Na tangu azaliwe hajawahi kuacha nusu inchi ya kitu chochote." Akaishusha fremu, akapitisha kidole kwenye ukingo wa karatasi, pale mkasi ulipopita, laini kabisa. "Miaka mitano, kila akija hapa tunamficha mikasi. Mtu mzima. Anacheka, lakini nimemwona akikaa na mikono chini ya mapaja."

"Mimi nilimwambia ukweli tangu siku ileile," alisema mama kutoka kwenye kiti chake. "Si wewe, mkwe. Yeye. Nilimwambia, nimekuona."

"Mama!" nikamaka.

"Hukuniomba nisiseme. Na mkeo hakuniuliza."

Basi, msomaji, mume yule mwema ni mimi, na foleni ya dawa haikuwapo. Nilitaka kumpunguzia kazi kabla hajarudi kutoka chuoni. Nilipojua nimekata nini, jina la shemeji likatoka mdomoni lenyewe.

Shule ile imeagiza makoti mapya wiki hii. Bendi imekua: ni hamsini na mawili. Vifungo vinane kila moja ni mia nne na kumi na sita. Hesabu nimefanyiwa bure na mwenye shahada. Nimempigia shemeji simu nikamwomba radhi. Amekubali, kwa sharti kwamba Jumamosi atakuja kukaa mbele yangu anitazame, na amesema ataleta kiti chake mwenyewe.

Niko kwenye kifungo cha thelathini na saba. Fundi amepita sasa hivi, amekivuta kwa vidole viwili.

"Hiki kimelegea," amesema. "Kirudie."

Nakirudia.